Chapa za kale za Sydney: nani aliona, nani alichonga, nani alinunua

Kila mwaka tarehe 26 Januari inapokaribia, Australia huingia katika ubishi uleule. Siku hiyo mwaka 1788 Waingereza walitweka bendera yao Sydney. Kwa serikali ni sikukuu ya taifa. Kwa wenyeji asilia wengi ni siku ya kuvamiwa. Na ubishi huo huja na picha zake. Mtu huweka mtandaoni taswira ya watu weusi waliokaa nje ya kilabu cha pombe, wamevaa makoti chakavu ya Kizungu, na chini yake anaandika: "Picha halisi ya Waaborijini mtaani Sydney, 1820." Anayetaka kuthibitisha kwamba watu hawa walikuwa walevi huitumia. Anayetaka kuthibitisha kwamba walionewa huitumia hiyohiyo.

Maelezo hayo yana kosa. Kamera ilianza kutumika Sydney tarehe 13 Mei 1841, pale nahodha Mfaransa Augustin Lucas alipopiga picha ya mtaa wa Bridge na sehemu ya mtaa wa George. Kwa hiyo taswira yoyote ya mtaa wa Sydney ya kabla ya siku hiyo imechorwa kwa mkono. Hata baada ya hapo, magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa picha ya kamera moja kwa moja hadi miaka ya 1880. Kilichoonekana gazetini kilikuwa kimechongwa kwanza na fundi.

Kinachozungushwa mtandaoni, basi, ni chapa. Mchoro upo mmoja tu duniani: mtu kashika brashi au kalamu, kachora, basi. Chapa hutolewa kutoka kwenye kitu kingine chenye wino, yaani bamba la shaba, jiwe au kipande cha mti, ili zipatikane nakala nyingi zinazofanana. Nakala zote hizo ni halisi, ilimradi zimetoka kwenye bamba lenyewe wakati wake. Hakuna "ya kwanza" iliyofichwa mahali na nyingine zote kuwa kopi. Kopi ni ile iliyopigwa kwa mashine ya kisasa kutoka kwenye chapa.

Neno jingine la kunyoosha ni "Waaborijini". Ni jina la jumla la watu wenye lugha zaidi ya 250. Ni kama mgeni aje Afrika Mashariki, awakute Wamakonde, Wagiriama, Wajaluo na Wahehe, wote awaandike "wenyeji" chini ya picha, kisha aondoke. Sydney ilijengwa juu ya ardhi ya Wagadigal. Ndui iliyozuka mwaka 1789, mwaka mmoja tu baada ya meli kufika, iliua sehemu kubwa ya watu wa eneo hilo. Wanaoonekana kwenye chapa za miaka ya 1820 na 1830 ni waliobaki, pamoja na jirani zao waliohamia mjini kutoka pwani ya kaskazini na kusini.

Wino unakaa wapi

Ukielewa wino ulikaa wapi kabla ya kugusa karatasi, utaweza kujua una kitu gani mkononi. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ya muhuri wa ofisi: sehemu iliyoinuka ndiyo inayoshika wino. Chapa za mti za magazeti zilifanywa hivyo. Fundi alichonga kichwa cha gogo, si ubavu wake, kwa sababu huko nyuzi za mti zimesimama na hazichaniki. Mti wenyewe ulikuwa mgumu sana lakini shina lake jembamba, kwa hiyo picha kubwa iliungwa kwa vipande kadhaa vilivyokazwa kwa boliti. Kazi ikiwa ya haraka, kila fundi alipewa kipande chake. Ukiona mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka, unakata anga, paa na bega la mtu bila sababu yoyote, hapo ndipo vipande vilipokutana. Gazeti la Illustrated London News, lililoanza 1842, na Illustrated Sydney News, lililoanza 1853, yalijaa kazi za namna hii. Zile picha za soko la watumwa la Unguja zilizotoka kwenye magazeti ya London zilipita mikononi mwa mafundi wa aina hiyohiyo, ambao wengi wao hawakuwahi kuona mnazi.

Njia ya pili ni kinyume chake. Chukua ubao wa kusukumia chapati, ufute vizuri: unga hubaki kwenye mikwaruzo ya kisu. Bamba la shaba hufanya kazi hivyo. Fundi huchimba mistari, hupaka wino bamba zima, hufuta juu mpaka ling'ae, kisha hulaza karatasi yenye unyevu na kuipitisha kati ya magogo mawili mazito ya mashine. Karatasi husukumwa ndani ya mistari na kuibeba wino. Alama zake ni mbili. Ukipapasa taratibu, mistari imeinuka kidogo. Na kuzunguka picha kuna mfinyo wa mstatili, mahali ukingo wa bamba ulipoiminya karatasi.

Aina mojawapo ya njia hii ni akwatinta. Bamba hunyunyiziwa vumbi la utomvu mkavu, hupashwa moto ili punje zishike, kisha hutiwa tindikali inayokula shaba katikati ya punje. Kwa macho huonekana kama kivuli laini cha rangi ya maji. Kwa lenzi huonekana kama tope lililokauka likapasukapasuka. Tatizo ni kwamba shaba ni laini na vipunje hivyo ni vifupi. Bamba la akwatinta hutoa mamia kadhaa ya nakala nzuri, kisha vivuli huanza kufifia. Ndiyo maana nakala mbili za chapa moja zinaweza kuonekana kama zimechapwa na watu wawili, mmoja hodari na mmoja mvivu.

Ya tatu ni litografia. Karatasi iliyofungiwa maandazi, pale mafuta yalipoingia, ukiimwagia maji hayashiki. Mjerumani Alois Senefelder aliligeuza jambo hilo kuwa ufundi wa kuchapa mwishoni mwa miaka ya 1790. Unachora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, unalowesha jiwe, unapitisha wino wa mafuta: wino unashika palipochorwa tu. Kwa lenzi, mistari yake ni punjepunje kama chaki kwenye ukuta wa lipu, na hakuna mfinyo wa bamba. Kero yake ni kwamba picha hugeuka, kulia kuwa kushoto, hivyo mchoraji alilazimika kuandika maneno kinyumenyume.

Litografia ilibadilisha mambo Sydney, kwa sababu mchoraji aliweza kuchora mwenyewe juu ya jiwe bila kumtegemea fundi wa shaba. Mashine ya kazi hiyo ililetwa na Gavana Thomas Brisbane mwaka 1821, naye hakuwa na haja na picha za mitaa. Alikuwa mpenzi wa nyota na alitaka kuchapa ramani za anga. Augustus Earle, mchoraji Mwingereza aliyefika Sydney 1825, ndiye aliyeipata na kuitumia kwa picha, mwaka 1826.

Mikono iliyo katikati

Kati ya jicho lililoona na karatasi unayoitazama kunaweza kuwa na watu watatu au wanne, na kila mmoja ameongeza chake. Mwaka 1793 kitabu cha nahodha John Hunter kilitoka London kikiwa na chapa ya familia ya wenyeji wa New South Wales, koloni la Waingereza lenye mji wa Sydney. Aliyeona ni Philip Gidley King, ofisa aliyefika na meli za 1788, akachora kwa haraka. Aliyechonga bamba ni William Blake, ambaye hakuwahi kutoka Uingereza maishani mwake. Matokeo yake ni baba, mama na watoto wanaotembea kwa madaha, vifua na mapaja kama sanamu za Wagiriki. Ni picha nzuri. Lakini ile misuli ni ya shule za sanaa za Ulaya.

Zile chapa kumi za akwatinta zilizotolewa na Edward Orme, London, mwaka 1813, zinazoonyesha uwindaji, uvuvi na ngoma za wenyeji wa New South Wales, zilichorwa na John Heaviside Clark, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Australia. Alifanyia kazi michoro ya wengine. Hata leo zinapigwa mnada na kuelezwa kama "ushuhuda wa awali". Ushuhuda wa nani?

Lakini usikimbilie kusema zote ni uongo. Mchoraji Nicolas-Martin Petit alikuja na meli za Wafaransa za Nicolas Baudin, akakaa Sydney kwa miezi kadhaa mwaka 1802. Alichora watu mmoja mmoja, na majina yao yakaandikwa jinsi Mfaransa alivyoyasikia. Barthélemy Roger alizichonga Paris, na atlasi ikatoka 1807. Ukizitazama kwa karibu utaona chale za kifuani, michoro ya mwilini na mtindo wa nywele, kila mtu na sura yake. Kule nako kulikuwa na fundi aliye mbali, tofauti ni kwamba alichopewa kilikuwa kamili, naye hakujaribu kukirembesha.

Habari hizi zote zimeandikwa kwenye chapa yenyewe, kwa herufi ndogo chini ya picha, na watu huziruka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ilimpa mwenye bamba haki ya kuzuia wengine wasimwibie, kwa sharti kwamba jina lake na tarehe viandikwe kwenye kila bamba. Ndiyo maana utakuta mstari wenye jina la mchapishaji, mtaa na siku. Kushoto au kulia kwake kuna vifupisho vya Kilatini: "del." ni aliyechora, "pinx." ni aliyepaka rangi mchoro wa awali, "sculp." ni aliyechonga bamba, "lith." ni aliyechora au kuchapa kwenye jiwe. Jina la "del." na la "sculp." likiwa moja, mikono imepungua. Yakiwa mawili, jiulize wa pili alikaa wapi.

Bungaree, mtu na chapa zake

Hakuna mtu aliyechorwa sana Sydney ya wakati huo kama Bungaree, mtu wa Broken Bay, kaskazini mwa mji. Mwaka 1802 na 1803 alisafiri na nahodha Mwingereza Matthew Flinders kulizunguka bara zima la Australia, Mwaborijini wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo, na kazi yake ilikuwa kutangulia ufukweni kuzungumza na watu wasiojuana na Wazungu. Mwaka 1817 alisafiri tena, na ofisa wa majini Phillip Parker King. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akizipandia meli zilizoingia bandarini, kuwakaribisha wageni kwenye nchi yake na kupokea zawadi zake.

Kwenye chapa hayo yote hayapo. Kuna mtu aliyevaa koti la kijeshi lililochakaa, kofia ya ofisa mkononi, na kifuani bamba la shaba lenye umbo la mwezi mwandamo. Wanunuzi wa London walicheka: tazama "mfalme" wa washenzi. Na hapa ndipo palipo na imani potofu inayoendelea hadi leo, kwamba bamba lile lilikuwa alama ya ufalme wa jadi.

Halikuwa. Gavana Lachlan Macquarie alimpa Bungaree bamba hilo Januari 1815, likiwa limechorwa maneno ya kumtaja kuwa chifu wa kabila la Broken Bay. Siku hiyo pia alimpa yeye na jamaa zake shamba huko Georges Head, kando ya bandari ya Sydney. Watu wa pwani ile hawakuwa na wafalme wala machifu. Mambo yaliamuliwa na wazee, kwa ukoo na kwa ardhi ya kila ukoo. Gavana alihitaji mtu mmoja wa kuzungumza naye, akamtengeneza. Msomaji wa Kenya anayejua jinsi Waingereza walivyowapachika machifu kwa Wakikuyu, ambao hawakuwa nao, hahitaji maelezo zaidi. Mabamba hayo yaliendelea kugawiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwenye chapa yanaonekana mengi. Ukiliona, soma hivi: mtu huyu alitambuliwa na serikali ya koloni. Kuhusu cheo chake kwa watu wake, bamba halisemi kitu.

Earle alimchora Bungaree kwa rangi ya mafuta na kumchapa kwa litografia, ameinua kofia kusalimu, bandari nyuma yake. Ukisimama mbele ya picha hiyo ukijua ile habari ya kuzipandia meli, salamu ile hubadilika: ni mwenye nyumba anayepokea wageni. Nadhani Earle mwenyewe alilijua hilo kuliko wanunuzi wake, ingawa sina la kuthibitisha zaidi ya mkao wa mkono.

Ile ya nje ya kilabu

Sasa turudi kwenye taswira tuliyoanza nayo. Inayozungushwa mara nyingi ni litografia ya Earle yenye kichwa "Natives of N.S. Wales as seen in the streets of Sydney", yaani wenyeji wanavyoonekana mitaani Sydney. Earle aliondoka Sydney mwaka 1828. Chapa hii ilichapwa London mwaka 1830, kwenye mashine za Charles Hullmandel, na kuuzwa na J. Cross pamoja na nyingine za seti hiyo. Mbele kuna kundi la Waaborijini karibu na kilabu, nguo za kupewa, chupa. Nyuma wanapita walowezi waliovaa vizuri.

Lililoachwa nje ni hili. Sydney nzima ilikuwa inaogelea kwenye ramu. Miaka ya mwanzo ramu ilitumika kama fedha. Wanajeshi walimpindua gavana tarehe 26 Januari 1808, na ugomvi wa biashara ya ramu ulikuwa sehemu ya kisa hicho. Hospitali kubwa ya mji, iliyoanza kujengwa 1811, ililipiwa kwa kuwapa wajenzi haki ya kuingiza ramu. Waaborijini waliofanya kazi mjini mara nyingi walilipwa pombe, tumbaku na mkate badala ya fedha. Lakini ulevi wa mji mzima, kwenye chapa hii, umeketishwa upande wa mbele kwa watu wa aina moja.

Na bado Earle hakuwa na upande mmoja. Seti hiyohiyo ina chapa ya wafungwa wa serikali, Wazungu, wakipita mtaani wakiwa wamefungwa minyororo miguuni. Mnunuzi wa 1830 aliyeipata seti nzima aliona zote mbili. Leo wafanyabiashara huvunja vitabu na kuuza karatasi mojamoja kwa sababu faida ni kubwa zaidi. Chapa ya kilabu inaingia kwenye fremu ukutani peke yake, ya minyororo inakwenda nyumba nyingine.

Kuhusu kuuza: mwaka 1836 William Fernyhough alitoa Sydney seti ya sura kumi na mbili za Waaborijini, wote wametazama upande, nyuso zimejazwa wino mweusi tititi. Watu husema alishindwa kuchora. Hapana, kivuli cha upande kilikuwa mtindo wa Ulaya, ni rahisi kuchora na bei yake ni nafuu, na seti ilitangazwa kama zawadi ya kuwapelekea ndugu Uingereza. Kwa uso hutajifunza mengi hapo. Lakini kila mmoja ana jina: Piper, aliyemwongoza mpima ardhi Meja Mitchell katika safari ya ndani ya nchi, Cora Gooseberry, mjane wa Bungaree. Kwa familia zinazotafuta mababu zao leo, jina hilo lina thamani kuliko sura.

Tarehe iliyoandikwa inaweza kudanganya

Kuna chapa moja inayowakosesha hata walimu. Ina safu nne za picha: Wazungu na weusi wamekumbatiana, gavana anapeana mkono na Mwaborijini, Mwaborijini anamchoma Mzungu mkuki na kunyongwa, Mzungu anampiga Mwaborijini risasi na kunyongwa vilevile. Juu yake imeandikwa kwamba ni tangazo la Gavana Davey, 1816.

Yote mawili si kweli. Michoro hiyo ni ya wakati wa Gavana George Arthur, karibu 1829 na 1830, huko Van Diemen's Land, leo Tasmania, kutokana na wazo la mpima ardhi mkuu George Frankland. Ilipakwa rangi kwenye mbao na kutundikwa mitini katikati ya vita vilivyokuwa vinawamaliza Waaborijini wa kisiwa hicho. Arthur alikuwa ametangaza sheria ya kijeshi Novemba 1828. Litografia ilitengenezwa miaka ya 1860, kutoka kwenye ubao mmoja, na aliyeitengeneza akaandika gavana asiye wake na mwaka usio wake. Kosa limenakiliwa tangu hapo.

Kosa la pili ni kuiamini ile safu ya nne. Hakuna Mzungu aliyenyongwa Van Diemen's Land kwa kumuua Mwaborijini. New South Wales iliwanyonga Wazungu saba mwaka 1838 kwa mauaji ya Waaborijini huko Myall Creek, na kesi hiyo inakumbukwa kwa sababu jambo hilo lilikuwa nadra sana. Chapa ilionyesha ahadi. Watu wanaisoma kama taarifa.

Ukitaka kununua, au umerithi

Nunua lenzi inayokuza mara 10. Ni ndogo, inaingia mfukoni. Toa chapa kwenye fremu, maana kupitia kioo huoni kitu. Kwanza tafuta vitone. Ukiona vitone vidogo vya samawati, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kama maua, funga mjadala: ni kopi ya mashine ya kisasa, hata kama karatasi imelowekwa kwenye chai ili ionekane nzee. Vitone vyeusi tu vilivyopangwa kwa safu ni uchapaji wa kuanzia miaka ya 1880. Kama hakuna vitone, angalia kama ni mistari iliyoinuka, tope lililopasuka au chaki, na ulinganishe na mwaka unaodaiwa. Litografia ya "1790" haiwezekani.

Kisha inua karatasi mbele ya dirisha. Ile ya zamani zaidi ina mistari iliyoachana takriban sentimita 2.5, alama ya waya za chekecheo la kutengenezea karatasi. Ya baadaye ni laini, na mara nyingine ina jina la kiwanda lililofichwa ndani, kama J Whatman, na mwaka. Mwaka huo ukiwa baada ya tarehe ya chapa, bamba la zamani limechapwa upya baadaye. Si uongo, ila bei ishuke. Geuza nyuma: maandishi ya gazeti upande wa pili si kasoro, ndiyo hati yake ya kuzaliwa. Mikunjo iliyonyooka na namba ya ukurasa kwenye kona ni dalili ya kitabu kilichovunjwa. Pima pia kingo: chapa ya shaba isiyo na mfinyo wa bamba pande zote imepunguzwa kwa mkasi.

Rangi ndiyo inayowapumbaza wengi. Wapo wanaosema yenye rangi imechezewa, wapo wanaosema isiyo na rangi haina thamani. Zote mbili ziliuzwa tangu mwanzo. Yenye rangi ilipakwa kwa brashi, moja baada ya nyingine, na ilikuwa ghali. Swali ni lini ilipakwa. Tazama penye doa la kutu au ufa wa mkunjo. Rangi ikipita juu ya doa, au ikiwa imezama ndani ya ufa, aliyeipaka alikuja baada ya karatasi kuzeeka.

Umri peke yake haufanyi chapa kuwa ghali. Karatasi za magazeti ya miaka ya 1870 zilitoka kwa maelfu na nyingi bado zipo. Na kabla ya kuitoa Australia chapa adimu, uliza kuhusu kibali: kuna sheria ya mwaka 1986 inayodhibiti usafirishaji wa urithi wa utamaduni.

Kuitunza ni kupambana na vitu vitatu. Jua: mwanga wa nguvu ya luksi 50 unatosha, yaani chumba hafifu, dirisha la magharibi huila rangi ya waridi na kijani kwanza. Asidi: mbao za bei rahisi nyuma ya fremu, na kadi ya kawaida yenye dirisha, huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha ambao hautoki, tumia kadi isiyo na asidi, nayo iweke nafasi kati ya kioo na karatasi. Unyevu: ukungu hupenda zaidi ya asilimia 65, na Dar es Salaam au Mombasa hewa hupita hapo siku nyingi za mwaka. Usiitundike ukuta wa nje, acha upenyo nyuma ya fremu hewa ipite, ikague kila miezi michache. Usiifunike kwa plastiki ya moto. Usiibandike kwa selotepu, gundi yake huingia ndani ya nyuzi. Wataalamu huishika juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ili siku ya kuitoa maji kidogo yatoshe.

Kutazama ni bure. Maktaba ya Taifa ya Australia na Maktaba ya Jimbo ya New South Wales zimeweka nyingi mtandaoni kwa ukubwa unaoonyesha hadi punje za chaki. Haki za wachoraji hao zimeisha zamani, lakini kuna adabu: taasisi za huko hutoa onyo kabla ya kuonyesha sura za marehemu, kwa kuwa jamii nyingi za Waaborijini huzuia kutaja au kuonyesha waliofariki bila tahadhari. Na usiandike "wa mwisho wa kabila lake". Truganini wa Tasmania, aliyechorwa na Benjamin Duterrau Hobart miaka ya 1830 na kufariki 1876, alibandikwa jina hilo, ilhali watu wa kwao wapo hadi leo na wanadai mifupa ya mababu zao kutoka makumbusho ya Ulaya.

Kwa hiyo ile iliyozungushwa ikikufikia tena, maelezo yake sahihi yanatosha mstari mmoja: Augustus Earle, kundi la Waaborijini nje ya kilabu, Sydney, kutokana na aliyoyaona kati ya 1825 na 1828, litografia iliyopakwa rangi kwa mkono, Hullmandel, London, 1830, majina ya waliochorwa hayakuandikwa.